Ukienda Guangzhou, Usirudi na Mizigo Peke Yake

Leo naomba tusafiri pamoja hadi China ya kusini, katika mji wa Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaujua kuliko wanavyoijua mikoa ya jirani zao. Najua yupo atakayesema, "Huyu atanifundisha nini juu ya Guangzhou? Mimi nimekwenda mara kumi." Basi ni huyo hasa ninayetaka kuzungumza naye jioni hii.

Jirani yangu mmoja, mwenye duka la nguo, ameisafiria Guangzhou kwa miaka mingi. Siku moja tulikuwa barazani kwake, akapita mwanawe anayesoma shule ya msingi, akamwuliza, "Baba, huko Guangzhou kukoje?" Mzee akafikiri, akajibu, "Kuna maduka mengi." Mtoto akauliza tena, "Na nini kingine?" Baba akasema, "Na maghala." Tuliokuwepo tulicheka sana, na yeye mwenyewe akacheka. Lakini baadaye aliniambia kwamba swali lile lilimkaa moyoni. Safari zote zile, nauli yote ile, na hana hata kisa kimoja cha kumpa mtoto.

Hali hii ni ya wengi. Mtu anashuka uwanja wa ndege, anakwenda moja kwa moja Xiaobei au Sanyuanli, anazunguka madukani mpaka miguu inavimba, usiku anakula biskuti na soda chumbani kwa sababu anaogopa chakula cha wenyeji, siku ya saba anapanda ndege. Wahenga walisema tembea uone. Huyu ametembea, lakini hakuona. Ushauri wangu ni mfupi: katika safari yako, toa siku mbili tu ziwe za mji. Hazitaipunguza faida yako. Na nitakuonyesha jinsi ya kuzitumia.

Kwanza, maandalizi. Kipindi kizuri ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, hewa inapokuwa kavu na jua la wastani. Kati ya Mei na Septemba joto la Guangzhou halina tofauti na la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, na juu yake mvua kubwa na mara nyingine tufani kutoka baharini. Epuka siku za mwaka mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, kwani maduka mengi hufungwa na treni hujaa. Vilevile kumbuka kwamba yale maonyesho makubwa ya biashara, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na majira ya Oktoba. Wakati huo bei za vyumba hupanda, kwa hiyo agiza chumba mapema.

Wachina siku hizi hulipa karibu kila kitu kwa simu, hata kikombe cha maziwa ya soya barabarani. Mgeni naye anaweza kuunganisha kadi yake ya benki na Alipay au WeChat. Fanya kazi hiyo ukiwa bado nyumbani, kwani ukifika kule, mtandao wa WhatsApp na ule wa Google kwa kawaida haufunguki. Chukua na noti kidogo za akiba. Pasipoti usiiache chumbani. Na jambo dogo lenye msaada mkubwa ni hili: chukua kadi ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina uiweke mfukoni. Dereva wa teksi asiyejua neno la Kiingereza ataisoma na kukurudisha. Kwa mchana, panda treni ya chini ya ardhi. Vituo vimeandikwa pia kwa herufi zetu, na nauli ni ndogo.

Sasa siku ya kwanza. Amka mapema, usinywe chai ya hoteli. Nenda kwenye nyumba ya chai. Watu wa Guangzhou wana desturi ya kwenda kunywa chai asubuhi, na si chai ya kunywa umesimama. Wazee hukaa saa mbili, tatu, wanasoma gazeti, wanazungumza habari za wajukuu. Ni baraza yao. Zipo nyumba za zamani katika mtaa wa kale wa magharibi, kama vile Taotaoju iliyoanza mwaka 1880, na Guangzhou Restaurant iliyofunguliwa mwaka 1935. Utachagua aina ya majani ya chai, kisha utaletewa vikapu vidogo vya mianzi vyenye vyakula vya mvuke. Vipo vifuko vya unga mwembamba unaopitisha mwanga, ndani yake kamba wa baharini. Kuna tambi pana za mchele zilizokunjwa, ndani mna nyama au kamba, juu zimemwagiwa sosi ya soya. Ipo miguu ya kuku iliyokolea viungo, ambayo wengi wetu huikataa mara ya kwanza na kuiagiza wenyewe mara ya pili.

Jifunze adabu tatu za mezani. Ya kwanza, utawaona wenyeji wakisuuza bakuli, vikombe na vijiti vyao kwa chai ya moto kabla ya kula. Fanya hivyo nawe. Ya pili, birika likiisha maji, usipige kelele wala makofi. Funua kifuniko ukiache wazi, na mhudumu atakuja kuongeza. Ya tatu ni nzuri zaidi. Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo asante. Wenyeji husimulia kwamba mfalme Qianlong alikuwa akitembea kwa siri, amevaa kama raia, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kusujudu bila kumfichua bwana wake, basi akavikunja vidole vyake juu ya meza badala ya magoti. Kiwe kisa cha kweli au cha kubuni, mgeni anayegonga meza kwa vidole viwili hutazamwa kwa jicho jingine. Nakuhakikishia hata yule mwenye kiwanda unayebishana naye bei atatabasamu.

Ukishashiba, panda treni ushuke kituo cha Yuexiu Park. Hapo karibu, mwaka 1983, wafanyakazi waliokuwa wakichimba kilima ili kujenga nyumba walikutana na paa la mawe. Chini yake lilikuwa kaburi la mfalme Zhao Mo, wa pili katika ufalme wa Nanyue, aliyezikwa yapata miaka 120 kabla ya Kristo. Leo ni makumbusho, na unaweza kushuka hadi ndani ya vyumba vya kaburi lenyewe. Mfalme alivikwa vazi la vipande 2,291 vya jiwe la jade, vilivyoshonwa kwa nyuzi za hariri. Hakuzikwa peke yake. Watu 15 walizikwa pamoja naye ili wamtumikie, na jambo hilo ulitafakari ukiwa umesimama pale.

Lakini mimi ningependa uende ukatafute kitu kingine. Katika kaburi hilo zilikutwa pembe tano za ndovu, na wataalamu wa makumbusho wanaeleza kwamba ni za ndovu wa Afrika. Ulikutwa na ubani pia. Fikiri, ndugu yangu mfanyabiashara. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla wewe hujapanda ndege, bidhaa ya bara lako ilikwishafika bandari hii kwa jahazi, kutoka mkono hadi mkono, na ikaonekana kuwa na thamani ya kuzikwa na mfalme. Nasi huku, mtu akifukua magofu ya Kilwa au Gedi, huokota vigae vya vyombo vya China. Biashara hii si ngeni. Sisi ndio tuliosahau. Na kwa kuwa nimezitaja pembe, nitoe na onyo: China ilifunga biashara yake ya pembe za ndovu mwishoni mwa mwaka 2017. Asikudanganye mtu kubeba hata bangili moja, kwani kifungo chake si cha mchezo.

Ukitoka makumbusho, vuka barabara uingie katika bustani ya Yuexiu. Juu ya kilima umesimama mnara wa Zhenhai wenye ghorofa tano, uliojengwa mwaka 1380, ambao ndani yake mna historia ya mji. Hapo hapo bustanini kuna sanamu ya mawe ya kondoo watano, na huo ndio mji wenyewe kwa jina la utani: Mji wa Kondoo. Hadithi inasema kwamba zamani kulikuwa na njaa, wakaja watakatifu watano wamepanda kondoo watano, wakawapa watu mashuke ya mpunga, wakauombea mji usipate njaa tena. Kisha watakatifu wakatoweka, na kondoo wakageuka mawe. Kwa jinsi watu wa Guangzhou wanavyokula, nadhani dua ile ilipokelewa.

Mchana, kwa wasikilizaji Waislamu, na hata wasio Waislamu wapendao historia, tembeeni hadi barabara ya Guangta. Hapo upo msikiti wa Huaisheng, mmoja kati ya misikiti ya kale kabisa ya China. Mapokeo ya wenyeji yanasema uliasisiwa na sahaba Sa'd ibn Abi Waqqas. Wanahistoria wana mashaka na hilo, kwa kuwa vitabu vya historia vinaeleza kwamba sahaba huyo alifia Uarabuni. Lisilo na mashaka ni kwamba Waarabu na Waajemi walikuwa na mtaa wao hapa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliuita mji huu Khanfu. Maandishi ya Kiarabu ya mwaka 851 yanaeleza kwamba Waislamu wa hapa walikuwa na kadhi wao, aliyeamua mashauri yao kwa ridhaa ya mfalme wa China. Mnara wa msikiti una urefu wa mita 36 hivi, mweupe, wa duara, na mabaharia waliutumia kama mnara wa taa. Kumbuka kwamba hapo ni mahali pa ibada: vaa kwa heshima, na usiingie kupiga picha wakati wa sala. Siku ya Ijumaa, nenda kwenye msikiti ule mwingine ulio karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi linalonasibishwa na sahaba huyo huyo. Utasali bega kwa bega na Wachina, Waarabu, Wahindi, na Waafrika wa kila nchi.

Hapo ndipo linapokuja swali la chakula kwa asiyekula nguruwe. Msidanganyike, nguruwe yumo katika vyakula vingi vya Guangzhou, hata mahali usipomtazamia. Vile vifuko vya kamba nilivyovitaja mara nyingi huchanganywa na mafuta yake. Tafuta maandishi ya Kichina yanayosomeka *qingzhen*, yaani halali. Mwombe mtu akuandikie kwenye karatasi, uyafananishe na kibao cha mlangoni. Njia rahisi ni maduka ya tambi za Lanzhou, ambayo yamo karibu kila mtaa na huendeshwa na Waislamu kutoka kaskazini-magharibi. Mpishi atauvuta unga kwa mikono mbele ya macho yako, mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka uwe nyuzi. Zitatumbukizwa katika supu ya ng'ombe yenye vipande vyeupe vya figili, giligilani na pilipili ya mafuta. Karibu na misikiti utakuta pia mishikaki ya kondoo wa Xinjiang yenye bizari na pilipili. Mtu wa Forodhani hatajiona mgeni. Na kama una shaka, sema *wo bu chi zhurou*, yaani sili nyama ya nguruwe. Hakuna atakayekasirika.

Siku ya pili, anza na jumba la ukoo wa Chen, lenye kituo chake cha treni. Lilikamilika mwaka 1894 kwa michango ya watu wa jina la Chen kutoka wilaya 72, ili vijana wa ukoo wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Tazama juu ya paa. Kuna watu, ndege, majumba na michezo ya kuigiza, vyote vimefinyangwa kwa udongo na kupakwa rangi. Milango imechongwa mbao kwa namna ambayo fundi wa milango wa Lamu au Zanzibar angekaa chini akashika tama. Mitihani ile ilifutwa mwaka 1905, lakini jumba limebaki. Mimi hapo huwaza juu ya watu wa koo zetu, wanaochangia harusi ya usiku mmoja kwa mamilioni.

Kutoka hapo nenda kisiwa cha Shamian, kando ya mto. Ni mahali pa utulivu, miti mikubwa, nyumba za Kizungu, maharusi wanaopigwa picha. Watalii wengi hupita wakisema, "Pazuri!" na kuondoka. Wewe simama kidogo. Kisiwa hiki walikitwaa Waingereza na Wafaransa baada ya kuipiga China katika Vita ya Pili ya Kasumba, wakaishi humo kwa sheria zao, katikati ya mji wa watu. Ng'ambo ya mfereji kuna barabara iitwayo Liu'ersan, maana yake sita-mbili-tatu. Ni tarehe, kama sisi tunavyosema Saba Saba. Tarehe 23 mwezi wa sita mwaka 1925 waandamanaji walikuwa wakipita hapo kupinga ubeberu, wakapigwa risasi kutoka upande wa kisiwa, wakafa zaidi ya watu 50. Mtu wa Afrika hahitaji mkalimani wa kumweleza habari hiyo.

Alasiri zunguka vichochoro vya mtaa wa kale wa magharibi, karibu na barabara ya Enning. Hapo kula kidogo kidogo, kila mahali kitu kimoja. Onja uji wa mchele wenye vipande vya samaki na karanga, ambao zamani uliuzwa juu ya mitumbwi. Onja maziwa ya kugandishwa yenye ngozi mbili juu, matamu, laini kama kastadi. Na ukiona duka lenye masufuria makubwa ya dawa nyeusi, hiyo ni chai baridi ya mitishamba, ya kuondoa joto mwilini. Ni chungu. Aliyezoea mwarobaini ataimaliza. Asiyezoea aombe kikombe kidogo. Ukiagiza kuku wa kuchemsha, ambaye ni fahari ya mji huu, usishtuke kuona wekundu kidogo karibu na mfupa, ndivyo wanavyompenda. Kama moyo unakataa, waache wale wenyewe. Malipo ni yale yaliyoandikwa, bakshishi haidaiwi. Jioni, simama kando ya Mto wa Lulu utazame taa za mnara wa Canton, wenye mita 600.

Wasikilizaji wangu, sitaki mdhani kwamba napaka mji rangi. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi waliokuwa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, na serikali za Afrika zikalalamika. Jambo hilo halipaswi kusahauliwa wala kupunguzwa uzito. Walitendewa vile walioijua lugha na wasioijua, na hakuna adabu ya mezani ambayo ingewakinga. Lakini lilinifanya nijiulize kuhusu upande wetu pia. Miaka yote ile ya kuuziana, tulifahamiana kiasi gani? Wao walituona wanunuzi, sisi tuliwaona wauzaji, na watu wanaojuana kwa risiti tu huwa wageni siku ile ile biashara inaposimama. Kunywa chai na mtu hakuzuii dhuluma. Walakini kunaanzisha kitu ambacho mzigo hauwezi kukianzisha.

Yule jirani yangu alikwenda tena. Nilimpa orodha hii hii niliyowapa nyinyi. Aliporudi, nilimkuta barazani na mwanawe, meza kati yao, mtoto anagonga kwa vidole viwili kila anapomiminiwa chai. Alikuwa akisikiliza habari za pembe tano za ndovu ndani ya kaburi la mfalme. Mizigo ilikuwa bado iko njiani, ndani ya meli.

Kwa leo naishia hapo. Safari njema kwa wenye tiketi.